Wazee wetu wa reli walilisha nyumba nzima kwa mshahara mmoja. Waliwezaje?

#1 MtotoWaKota
Wakuu, salaam. Mzee wetu tumemzika mwezi uliopita pale Tabora, na tangu nirudi mjini kuna jambo halinitoki kichwani.

Makaburini ulisomwa wasifu wa marehemu. Karatasi moja. Alizaliwa, alisoma hadi darasa la nane, aliajiriwa reli, alistaafu, aliugua, ameacha mjane, watoto saba na wajukuu. Kila neno pale ni kweli, ila yule mtu mwenyewe simwoni.

Mzee alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Kwa asiyejua, treni ya abiria ikifika Tabora hugawanywa: mabehewa ya Mwanza yanakwenda kaskazini, ya Kigoma magharibi, na ya Mpanda yanaachana na wenzake kule Kaliua. Wakati abiria wanatafuta chai, yeye anapita kando ya treni na taa na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima linalia kama kengele ya kanisani. Lenye ufa linatoa mlio butu, unakufa hapohapo. Kisha anaweka mgongo wa mkono kwenye boksi la ekseli kusikia kama beringi imechemka. Iwe mvua, iwe baridi ya Juni, iwe saa nane usiku. Asubuhi anarudi, anasugua grisi mikononi kwa mafuta ya taa na sabuni ya kipande, halafu kabla hajalala anaita madaftari yetu ya shule ayaone.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Watoto saba, bibi, binamu watatu waliokuja kusoma, na mara nyingi mgeni aliyeachwa na treni. Hakuna aliyelala njaa, hakuna aliyerudishwa nyumbani kutoka shule. Mimi leo nina watoto wawili, mke ana kazi, nina kazi, na tarehe ishirini tumeshaanza kukopa.

Waliwezaje wale wazee? Sitaki majibu ya kunifariji, nataka kuelewa.

#2 Gulwe77
Pole sana mkuu, Mungu amrehemu mzee. Mshahara haukuwa mmoja. Mtu wa reli alikuwa na nyumba ya shirika, maji hapohapo kota, zahanati ya reli, na pasi ya kusafiri yeye na familia wakati wa likizo. Ada ya sekondari ilifutwa 1964, ya msingi 1973. Hospitali ya serikali ulikuwa hulipi mpaka uchangiaji ulipoanza 1993. Chukua bajeti yako ya leo, ondoa kodi ya nyumba, ada, matibabu na nauli. Kinabaki nini? Chakula na nguo. Mzee alikuwa ananunua chakula na nguo. Wewe unanunua vyote.

#3 BintiWaStesheni
Pole MtotoWaKota. Gulwe77 umeongea vizuri ila umemsahau mtu.

Baba yangu alikuwa stesheni masta wa stesheni ndogo kati ya Manyoni na Tabora. Huko hata maji ya kunywa yalikuja na behewa la tangi. Zahanati ilikuwa ya kusubiri treni ikupeleke. Kilichotulisha sisi ni mama. Treni ikipiga honi mbali, mayai yameshachemka, chumvi imefungwa kwenye vipande vya gazeti, kuku yuko kwenye sinia kafunikwa kitambaa cheupe. Sisi watoto tunakimbia na ndoo za maji ya kunywa, abiria wanateremsha vikombe dirishani. Mshahara wa baba ulilipa deni la dukani, basi. Viatu, nguo za sikukuu, madaftari, yote yalitoka kwenye yale mayai.

Na baba alijua. Usiku alikuwa akikaa na mama kuhesabu sarafu, anazipanga mafungu mafungu mezani, halafu anamsukumia mama zote. Hakuwahi kuchukua ya sigara humo. Mimi namkumbuka kwa hilo kuliko kwa kofia yake ya stesheni masta.

#4 MaembeYaTabora
Kuku wa treni ni Saranda jamani. Nyie wa stesheni nyingine mlikuwa mnauza mayai mkangoja kuitwa wafanyabiashara 😂

Pole mkuu #1. Mimi nimekulia Cheyo, kota za reli tulikuwa tunakuja kuchungulia mpira. Wazee wenu walikuwa watu wa maana, hata kama maembe yenu mlikuwa mnakuja kuyaiba kwetu.

#5 KiberengeCheupe
Tusijidanganye. Naheshimu msiba wa mwenzetu, ila hizi nyuzi za "wazee wetu" zinaruka miaka mibaya kila siku. Mnakumbuka 1981, 82, 83? Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano? Foleni ya sukari kwenye duka la kaya, jina lako lazima liwe kwenye daftari la balozi wa nyumba kumi? Kima cha chini cha mshahara 1984 kilikuwa shilingi 810 kwa mwezi, na kwa bei za ulanguzi hiyo haikufika hata wiki ya pili. Nyumba ya bure hailiwi.

Waliwezaje? Kwa kulima. Tangu ile kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 kila mfanyakazi alikuwa na shamba, na watu wa reli walikuwa na bahati ya ardhi iliyolala kando ya njia. Baba yangu alikuwa genge, kazi yake mataruma na kokoto. Saa tisa alasiri akishaweka mtaimbo anachukua jembe. Mihogo, viazi, karanga. Mshahara ulikuwa wa chumvi na mafuta ya taa.

#6 Gulwe77
KiberengeCheupe hapo nakubali nusu. Lakini alilima kwa sababu alitoka kazini saa tisa na shamba lilikuwa nyuma ya nyumba. Nani leo anatoka saa tisa? Ukitoka Posta mpaka ufike Chanika ni usiku. Hata muda wa kulima ulitokana na mpangilio uleule wa kazi ninaousema.

#7 Mwarabu wa Ujiji
Poleni wafiwa. Niongeze kitu ambacho watu wazima wanakijua na hawakisemi: pasi. Mtu wa reli alikuwa anatembea na nchi nzima mfukoni. Mawese na dagaa wa Kigoma vinapanda treni, vinashuka Dar. Asali ya Tabora inashuka Dodoma. Dar kunatoka vitenge na sabuni. Kila mtumishi wa treni alikuwa na kindoo chake na gunia lake, na hakuna aliyeona kama ni wizi, maana alikuwa analisha watu. Marehemu mjomba wangu alikuwa gadi wa treni. Alisomesha wadogo zake wote kwa dagaa.

#8 MtotoWaKota
Ahsanteni wote. Mwarabu wa Ujiji, mzee wetu hakusafiri, kazi yake ilikuwa palepale yadi, kwa hiyo hiyo haimhusu. Shamba lilikuwepo, ekari moja na nusu upande wa Malolo, na mama alikuwa anauza uji. Kwa hiyo #3 na #5 mko sahihi kwetu. Bado lakini hesabu haifungi. Wale binamu watatu walikuwa wanakula sawa na sisi.

#9 Sina Jina Kubwa
Nimesoma kimya kimya, nimeona niandike.

Baba yangu alikuwa dereva wa treni, njia ya Dar na Tabora. Sifa zote mnazotaja alikuwa nazo. Hakunywa, hakupiga mtu, likizo alitupeleka kwa bibi, alikuwa ananyoosha mashati yetu ya shule mwenyewe kwa pasi ya mkaa maana aliamini sisi tunayaunguza. Alipofariki tukiwa msibani Dar ilifika familia kutoka upande wa pili wa njia. Mama mmoja mtu mzima, watoto wanne. Mkubwa wao ananizidi mwaka. Nao walikuwa na picha ya baba akiwa amewabeba, na wao walisema maneno yaleyale: hakunywa, hakupiga mtu, alinyoosha mashati yetu.

Mama yangu aliinuka akampisha yule mama mkekani. Hajawahi kutuambia kama alikuwa anajua.

Sasa nauliza kwa nia njema. Yule alikuwa mtu wa familia au hakuwa? Maana alilea watu kumi na mmoja kwa mikono yake na wote wanamlilia. Na mimi mpaka leo nina hasira naye.

#10 BintiWaStesheni
Aisee. Pole sana ndugu yangu. Sina jibu. Mama yako ni mtu wa kumshika miguu.

#11 KiberengeCheupe
#9 umetaja jambo ambalo reli nzima inalijua. Kazi ya kulala safarini. Dereva, gadi, wahudumu wa behewa, wote walikuwa na nyumba ya kupumzikia kila mwisho wa njia, na upweke una kazi yake. Sisemi ni haki. Nasema msiba wako si wa peke yako, kuna wengi wamekutana na ndugu zao makaburini.

#12 Hajjat wa Kariakoo
Mimi ni mjane, mume wangu alikuwa bandari, si reli, lakini naomba nafasi. Mwanangu #9, hasira yako ni haki yako. Lakini msipime mtu wa familia kwa kupendwa na watoto tu. Watoto wanapenda anayewanyooshea shati. Muulizeni mwanamke aliyekuwa akilala peke yake usiku wa manane na mtoto ana degedege. Huyo ndiye mwenye daftari la mahesabu.

#13 Gulwe77
Hajjat shikamoo. Umesema.

#14 MuthurwaBoy
Wakubwa wa Bongo hamjambo. Niko Nairobi, nimekuta huu uzi nikashindwa kupita.

Babu yangu alikuwa fundi wa injini karakana ya reli hapa Nairobi, tulizaliwa nyumba za Muthurwa, kando ya Landhies Road. Zile siku reli ilikuwa moja, East African Railways, makao makuu yake hapa kwetu. Babu alifanya kazi meza moja na Mtanzania wa Moshi na Mganda aliyekulia Nsambya. Watoto wao waliitana ndugu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa 1978 kila mtu akarudishwa kwao, mpaka ukafungwa, na babu hakuwaona tena wale marafiki hadi alipozeeka.

Ninachotaka kusema: sisi tulilelewa na kota. Nyanya, yaani bibi, akiwa sokoni, mama wa jirani anakupakulia ugali bila kuuliza. Ukikosea, mzee wa nyumba ya tatu anakutandika na ukienda kushtaki nyumbani unaongezwa. Kwa hiyo MtotoWaKota, binamu zako watatu hawakuwa wanakula kwa mzee wako peke yake.

#15 Mwarabu wa Ujiji
MuthurwaBoy karibu. Marekebisho kidogo: Jumuiya ilivunjika 1977, si 78. Mpaka wetu na nyie ulifungwa mwaka huohuo 1977 ukaja kufunguliwa 1983. Nakumbuka maana dada yangu alikuwa ameolewa Voi na harusi ya mdogo wetu alikosa.

#16 MuthurwaBoy
Sawa mzee, 1977. Ahsante.

#17 UdzungwaMoja
Mbona mnaongelea Reli ya Kati tu? Sisi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, si watoto wa reli? Na kwanza ile ya kwenu Waingereza waliwajengea mkakuta tayari, ya kwetu wazee wetu waliichimba.

Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja alipochukuliwa 1971 kujenga kipande cha Mlimba hadi Makambako. Aliyepita pale kwa treni mchana anajua, ni mahandaki na madaraja, unatoka kwenye giza unaingia kwenye giza. Alijifunza kazi kwa kumwangalia Mchina mikono, maana lugha hakuna. Akaja kuwa fundi seremala mzuri sana, na fomu ya zege aliyofunga yeye ilikuwa haivuji. Reli ilipokabidhiwa Julai 1976 akapata kazi ya matengenezo ya njia, akaoa, akajenga.

Na nyumbani kila kitu kilikuwa cha Kichina. Chupa ya chai yenye maua, beseni, blanketi. Bidhaa zile ziliuzwa huku ili zipatikane shilingi za kulipia gharama za ujenzi wa hapa nchini, wakiwemo vibarua. Kwa hiyo baba alikuwa analipwa mshahara kutokana na mabeseni ambayo mama anayanunua. Mambo ya ajabu.

Mzee wangu siri yake ilikuwa moja: hakuwahi kununua kitu anachoweza kutengeneza. Vitanda vyetu vyote, milango, mbao ya kufulia, hadi mwiko.

#18 Gulwe77
UdzungwaMoja heshima kwa mzee. Ila usitunyang'anye historia. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani, ilianza Dar 1905 ikafika Kigoma 1914. Waingereza walikuja kuongeza tawi la Tabora kwenda Mwanza, likakamilika 1928. Na walioichimba walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wagogo na wengine kwa sululu na vikapu, si Wajerumani wenyewe.

#19 UdzungwaMoja
Nimepokea mkuu. Lakini yetu ni pana zaidi 😀

#20 Gulwe77
Pana kwa milimita 67. Yenu 1,067, yetu 1,000. Ndiyo maana pale Kidatu zinapokutana mzigo inabidi uhamishwe kutoka behewa hili kwenda lile.

#21 MaembeYaTabora
Mwacheni mtu afiwe kwa amani, mnapimana milimita.

#22 MtotoWaKota
Hapana, endeleeni, mzee angefurahi sana kusikiliza mabishano haya. Angekaa pale kwenye kigoda anatikisa kichwa mpaka mtu akosee, ndipo aseme.

#23 Kiboko ya Vigogo
Nimechelewa, poleni. Mimi wa Morogoro, jina langu mnalijua limetoka wapi, timu yetu ya Reli. Baba alikuwa karakana ya injini za dizeli pale Moro na Jumamosi uwanjani. Ninaomba nipingane na karibu kila mtu.

Mnatafuta siri kwenye nyumba, shamba, mayai, pasi, mabeseni. Baba yangu alikuwa na vyote hivyo, kisha vikaondoka. Alipunguzwa kazini akiwa na miaka arobaini na nane, na mafao yakachelewa. Kota tukatolewa. Tukahamia chumba cha kupanga, mama anaumwa mgongo hawezi biashara, shamba hakuna. Yaani kila sababu iliyotajwa humu iliisha kwa mwaka mmoja.

Akaenda kukaa chini ya mwembe na pampu na spana mbili, akawa fundi baiskeli. Mtu aliyekuwa anafungua injini ya treni. Mtaa ulimcheka wiki ya kwanza. Yeye akawa anatandika turubai, anapanga vifaa kwa ukubwa kama karakana, anaandika kila kazi kwenye daftari: jina, tatizo, kilichofanyika. Baiskeli ikirudi na tatizo lilelile, hatozi. Baada ya muda watu wanatoka Kihonda wanapita mafundi watano kumfuata yeye. Mdogo wangu wa mwisho alimaliza chuo kwa zile baiskeli.

Kwa hiyo mimi nasema ni mtu. Wapo waliokuwa na nyumba, pasi na mke mchapakazi, na watoto wao walilala njaa kwa sababu baba alipita kilabuni kwanza.

#24 Hajjat wa Kariakoo
Mwanangu wa Morogoro, mama yako mgongo ulimuuma kwa nini? Simdharau baba yako, Mungu amlaze pema. Nauliza tu.

#25 Kiboko ya Vigogo
Shikamoo Hajjat. Alikuwa anabeba ndoo za pombe ya komoni miaka kumi na mbili kabla ya hapo. Naona unakonielekeza. Sawa, nimeelewa. Lakini sibadili msimamo kuhusu mzee.

#26 KiberengeCheupe
Na mimi niseme hapo. Tatizo la hoja ya "ni mtu" ni kwamba nyuzi za kumbukumbu zinafunguliwa na watoto wa waliofanikiwa. Yule fundi mzuri vilevile, mwenye daftari vilevile, ambaye mvua ilinyesha akapata nimonia akafa mwaka wa kwanza chini ya mwembe, nani anamwandikia? Kuna wazee walijitahidi kama wa kwenu na haikutosha. Kota ya pili kutoka kwetu alikuwepo mmoja. Mpole, mchapakazi, hana kilevi. Watoto wake wawili walikufa kwa surua mwaka mmoja. Yule alikosea nini?

#27 UdzungwaMoja
Hakukosea kitu.

#28 Sina Jina Kubwa
#26 ahsante kwa kuandika hilo. Na Hajjat, nimesoma mara kadhaa ulichoniandikia.

#29 Mtu wa Liemba
Poleni na msiba. Baba yangu alikuwa kitengo cha meli cha reli, Kigoma, chumba cha injini MV Liemba. Ile meli imejengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaja kuiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Baba alikuwa anasema meli iliyofufuka haitaki haraka. Akija nyumbani ni hivyohivyo, hakuna haraka.

Sina nadharia. Ninakumbuka akirudi safari ya kusini, kila mtoto wa mtaa anajua meli imefika maana baba anapita na migebuka amefunga kwa kamba na anagawa kuanzia nyumba ya kwanza. Akifika kwetu wamebaki wanne. Mama alikuwa analalamika kila safari. Alipofariki, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho zilipika siku zote za matanga na hatukununua hata kilo ya mchele. Mama hakulalamika tena kuhusu samaki.

#30 MuthurwaBoy
Hii ndiyo nilikuwa najaribu kusema pale juu lakini mzee wa Liemba amenishinda maneno.

#31 Gulwe77
Inafanya kazi pale ambapo mtaa haubadiliki miaka thelathini. Mimi hapa nilipopanga simjui jirani wa ukuta wa pili. Nikigawa samaki leo, watakuwa wameshahama kabla sijafa. Narudi kwenye hoja yangu: yule baba alikuwa na mtaa kwa sababu alikuwa na nyumba ya kazi isiyomhamisha.

#32 Mtu wa Liemba
Inawezekana. Ila nyumba ile ilikuwa ya kwetu wenyewe Mwanga, si ya kazi.

#33 MaembeYaTabora
😂 Gulwe77 pole.

#34 NyundoNdogo
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi nilisomea Chuo cha Reli pale Tabora na nadhani mzee aliyeandikwa #1 alinifundisha kazi yadi, kama ndiye aliyekuwa na pengo la jino la mbele na koti la mvua la kijani.

Alitukataza kuvaa glovu wakati wa kugusa boksi la ekseli. Alisema glovu inakudanganya. Na alikuwa haruki gurudumu hata moja. Usiku mmoja treni imechelewa sana, dereva anapiga honi, stesheni masta anapiga kelele aruhusu iondoke, zimebaki behewa mbili za nyuma. Hakujibu mtu. Aligonga mpaka la mwisho, akajaribu breki, ndipo akapandisha taa ya kijani. Nikamuuliza mzee, huogopi kuandikiwa barua? Akasema, "Humo ndani mna watoto wa watu wamelala."

Juni 24, 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma bila breki kule kati ya Msagali na Igandu ikagonga ya mizigo, wakafa watu 281, nilikuwa bado kijana kazini. Nilikaa chini nikamfikiria yeye. Kila nilipotaka kuruka gurudumu baada ya hapo sikuweza.

Kwa hiyo mkuu, usitafute jibu nyumbani kwenu peke yake. Kuna watu wengi wamefika Mwanza na Kigoma salama, hawajui jina lake.

#35 MtotoWaKota
Ndiye. Koti lile bado lipo, liko kwa kaka mkubwa.

Hilo la glovu hakuwahi kutusimulia. Nimempigia mama nikamsomea post yako, akasema "huyo ni baba yenu kabisa", kisha akaniambia jingine ambalo nalo sikulijua. Wale binamu watatu, mmoja si binamu. Ni mtoto wa mwenzake wa yadi aliyebanwa kati ya mabehewa wakati wa kuunganisha, akafariki. Walimchukua akiwa darasa la pili, wakakubaliana tuambiwe ni binamu ili asitengwe mchezoni. Mwenyewe anajua, aliambiwa alipooa. Sisi ndio tulikuwa hatujui, na tumebeba jeneza la mzee pamoja naye.

Hesabu ndiyo imezidi kutofunga. Naomba ruhusa ya NyundoNdogo niyatumie maneno yako. Tunaandika upya ule wasifu kwa ajili ya wajukuu.

#36 NyundoNdogo
Ruhusa unayo mkuu. Weka na ya breki.

#37 Hajjat wa Kariakoo
Wekeni na jina la mama yenu, si "ameacha mjane". Na uji wake.

#38 KiberengeCheupe
Na ekari moja na nusu ya Malolo. Ililimwa na nani hasa, mkuu? Maana mzee usiku yuko yadi, mchana amelala. Muulize mama kabla hujaandika.

#39 MtotoWaKota
Nimemuuliza. Anasema mzee alilima Jumapili na siku za zamu ya mchana akitoka kazini, yeye mama alilima siku zilizobaki, na palizi tulifanya sisi watoto. Kaka anasema si kweli, palizi ilifanywa na yeye peke yake sisi tukiwa tunawinda maembe. Tunabishana kwenye kundi la familia hadi sasa hivi.

#40 MaembeYaTabora
Nilijua tu. Maembe ya nani?